Katuni ni Mali ya Nani? Mhadhara Kuhusu Mwaka 1938

Mabibi na mabwana, wapenzi wa katuni, nawashukuru sana kwa kuja. Nimeombwa kuzungumzia historia ya katuni duniani. Historia hiyo ni ndefu, na mtu akitaka kuigusa yote kwa saa moja atawaachia orodha ya majina tu. Kwa hiyo nimechagua mwaka mmoja, 1938, na nitakaa nao.

Nimeuchagua kwa sababu moja. Katika miezi michache ya mwaka huo, watu wengi waligundua kwa pamoja kwamba hadithi inayosimuliwa kwa picha ina nguvu kubwa. Wachapishaji waligundua, watoto waligundua, na serikali nazo ziligundua, tena zikashtuka. Waliochelewa kujua thamani ya kazi hiyo ni wachoraji wenyewe, na kuchelewa huko kuliwagharimu maisha yao yote.

Tuanzie Ubelgiji. Tarehe 21 Aprili 1938, mchapishaji Jean Dupuis wa Marcinelle, karibu na mji wa Charleroi, alitoa toleo la kwanza la jarida la watoto liitwalo Spirou. Alihitaji mhusika mkuu, akamwagiza mchoraji Mfaransa Robert Velter, aliyekuwa akitia sahihi kwa jina la Rob-Vel na ambaye aliwahi kuhudumu kwenye meli za abiria. Ukurasa wa kwanza wa Rob-Vel ningependa kila anayejifunza kuchora autazame kwa makini. Meneja wa hoteli iitwayo Moustic anatafuta kijana wa kubeba mizigo ya wageni. Anamwendea mchoraji, na mchoraji huyo ni Rob-Vel mwenyewe aliyejichora ndani ya hadithi. Anamchora kijana mwenye sare nyekundu kwenye turubai, kisha anampulizia kinywaji kikali. Kijana anaruka nje ya turubai, anasimama wima, tayari kwa kazi.

Tazameni alichokifanya hapo. Katika visanduku vichache ametuonyesha mhusika akizaliwa, na ametuonyesha nani amemzaa. Mke wake, Blanche Dumoulin, aliyejulikana kwa jina la Davine, alishirikiana naye katika kazi hiyo, na jina lake halitajwi inavyostahili hata leo. Kabla ya mwaka kwisha, jarida hilo lilikuwa na toleo la Kiholanzi pia, kwa ajili ya nusu nyingine ya Ubelgiji.

Huko Scotland, mjini Dundee, kampuni ya D.C. Thomson ilitoa The Beano tarehe 30 Julai. Ukurasa wa mbele ulikuwa na ndege aina ya mbuni aitwaye Big Eggo, akihangaika na yai lake. Bei ilikuwa peni 2, na toleo hilo la kwanza liliuza zaidi ya nakala 440,000. Sitakaa sana hapa, ila naomba mkumbuke jambo moja: kampuni hiyo haikuwaruhusu wachoraji kutia sahihi. Watoto walimjua Big Eggo, wakamjua Lord Snooty na rafiki zake, lakini hawakujua ni mkono wa nani ulioshika kalamu. Dudley Watkins, aliyemchora Lord Snooty, ni miongoni mwa wachache sana waliokuja kuruhusiwa kuandika majina yao chini ya kazi, na ruhusa hiyo ilikuja miaka mingi baadaye.

Sasa twende Marekani. Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa vijana wa miaka 23 kutoka Cleveland, Ohio, wote wana wa familia za Kiyahudi zilizohamia Amerika. Siegel aliandika, Shuster alichora, licha ya macho yake kuwa hafifu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakizunguka na wazo la mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida, na kila walipobisha hodi walirudishwa. Walikuwa wameliandaa kama mfululizo wa magazetini, yaani safu fupi ya visanduku kwa kila siku. Mapema 1938 mchapishaji mmoja wa New York akahitaji haraka hadithi ya kujaza jarida jipya, Action Comics. Akawaambia wazipange upya zile safu ziwe kurasa za jarida. Wakachukua mkasi na gundi, wakakata, wakabandika, wakaongeza hapa na kupunguza pale, zikapatikana kurasa 13.

Malipo yalikuwa dola 10 kwa ukurasa. Kwa hiyo dola 130, na pamoja na fedha hizo walitia sahihi karatasi inayomkabidhi mchapishaji haki zote za Superman. Hundi yenyewe ni ya tarehe 1 Machi 1938. Ilikuwa ya dola 412, kwa sababu iliunganisha na malipo ya kazi zao nyingine, na jina la Superman limeandikwa humo kama kitu kimoja katika orodha ya vitu vilivyonunuliwa. Karatasi hiyo ilihifadhiwa, na mwaka 2012 iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Nimeitazama picha yake mara nyingi, na kila mara naumia. Majina yao yote mawili yameandikwa vibaya pale mbele, na nyuma wamelazimika kutia sahihi mara mbili, kwa tahajia ile mbovu na kwa ile sahihi.

Jarida lilifika vibandani mwezi Aprili, kwa bei ya senti 10. Wengi tumeiona picha ya jalada: mtu mwenye joho jekundu ameinua gari la kijani na kulipigiza kwenye mwamba, watu wanakimbia. Ndani, Superman huyo haruki angani kama ndege. Anachupa tu, kiasi cha mita 200 kwa mruko mmoja. Na maadui zake ni watu wa kawaida kabisa. Anavunja mlango wa gavana usiku ili kumwokoa mwanamke asiye na hatia aliyehukumiwa kifo. Anamshika mwanamume anayempiga mkewe. Kisha anamfuatilia mtu anayemhonga seneta ili nchi iingizwe katika vita vya Ulaya. Hiyo ndiyo hofu ya mwaka 1938, imeingia moja kwa moja kwenye hadithi ya senti 10.

Mchapishaji hakuamini kwamba watu wangeipenda. Katika toleo la pili hadi la sita, Superman hayupo kwenye jalada. Watoto ndio waliomfundisha biashara: walifika vibandani wakiulizia jarida lenye Superman, na kuanzia toleo la saba akaanza kurudishwa mbele. Januari 1939 akaingia magazetini, kule kule ambako Siegel na Shuster walikuwa wamekataliwa kwa miaka.

Hayo ni ya soko. Mwaka huo huo serikali nazo zilikuwa zinasoma katuni, na zilisoma kwa makini kuliko wahakiki wa fasihi.

Italia ilikuwa imejaa hadithi za Kimarekani. Jarida la L'Avventuroso la Firenze lilikuwa likichapisha Flash Gordon tangu 1934, na vijana walilinunua kwa wingi. Mwaka 1938, mwaka ambao utawala wa Mussolini ulitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, Wizara ya Utamaduni wa Umma iliwaagiza wachapishaji waziondoe hadithi za Marekani. Mwezi Novemba ukaitishwa mkutano Bologna kuhusu maandishi ya watoto, ukiongozwa na mshairi Marinetti, na humo vijana wa Italia wakaandaliwa mashujaa wa kizalendo, watiifu na tayari kwa vita. Hata viputo vya maneno, yaani vile viduara vinavyobeba maneno ya wahusika, vilionekana kuwa kitu cha kigeni. Utawala ulipendelea maandishi yakae chini ya picha, kama ilivyokuwa desturi ya jarida la Corriere dei Piccoli tangu 1908. Mickey Mouse peke yake ndiye aliyesamehewa, na hata yeye mwaka 1942 alitolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mvulana aitwaye Tuffolino, katika hadithi zilizofanana mno na zile za panya.

Huwa najiuliza kwa nini kiputo kimsumbue mtu mwenye majeshi. Jibu langu ni hili. Maandishi yakikaa chini ya picha, kuna msimulizi anayekwambia uone nini. Kiputo kinamwachia mhusika aseme mwenyewe, kwa sauti yake, na msomaji anaamua kumwamini au kutomwamini. Utawala unaotaka sauti moja tu isikike una kila sababu ya kukichukia.

Japani, ambako vita na China vilikuwa vimeanza Julai 1937, Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa mwongozo wa kusafisha machapisho ya watoto mwezi Oktoba 1938. Kurasa za manga, yaani katuni za Kijapani, zikatakiwa zipunguzwe, burudani tupu ikaonekana upotevu. Hata Norakuro, mbwa mweusi asiye na kwao aliyebuniwa na Suihō Tagawa mwaka 1931 na kupendwa na kizazi kizima, hakupona. Mbwa huyo alikuwa askari, alipanda vyeo, na katika hadithi za vita maadui wa mbwa walichorwa kama nguruwe, jambo ambalo kila msomaji alijua linamhusu nani. Pamoja na utiifu wote huo, mwaka 1941 alisimamishwa. Mchoraji anayedhani utiifu utamlinda aitafakari habari hiyo.

Upande wa pili wa vita hivyo walikuwapo wachoraji wa China. Shanghai iliposhambuliwa mwaka 1937, kundi likiongozwa na Ye Qianyu, na Zhang Leping akiwa naibu wake, liliunda kikosi cha uenezi wa katuni na kuondoka mjini. Majarida yao yalikuwa yamesimama. Wakachora kwenye vitambaa vikubwa, kwa sababu kitambaa kinakunjwa, kinabebwa, kinatundikwa barabarani hata kwa watu wasiojua kusoma. Januari 1938, wakiwa Wuhan, walianzisha jarida la katuni za upinzani dhidi ya uvamizi. Miongoni mwao alikuwapo Liang Baibo, mwanamke ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa akichora mfululizo wa msichana wa mjini wa kisasa, Bibi Nyuki, na ambaye sasa alichora wanawake wa vijijini wakishika kazi za vita. Oktoba mji ukatekwa, kikosi kikaondoka tena. Kazi nyingi za namna hiyo hupotea, kwani zilichorwa zitundikwe kwenye mvua na jua. Hakuna hundi katika habari yao, wala haki za kuuza.

Na kule Brussels, tarehe 4 Agosti 1938, mchoraji Hergé alianza hadithi mpya ya Tintin, kijana mwandishi wa habari, katika nyongeza ya Alhamisi ya gazeti moja la Kikatoliki. Ufalme mdogo, Syldavia, unakaribia kumezwa na jirani yake mkubwa. Fimbo ya mfalme inaibwa, na bila fimbo hiyo mfalme hawezi kubaki kitini. Hitler alikuwa ameichukua Austria mwezi Machi. Watoto wa Ubelgiji walipewa habari hiyo ukurasa baada ya ukurasa kwa mwaka mzima, kwa mistari safi na utulivu wa mtu anayejua anachosema. Wapo wanaosema katuni ni mahali pa kuukimbia ulimwengu. Mimi nawaelekeza kwenye hadithi hiyo.

Sasa turudi kwenye swali la umiliki, maana mwaka haukuishia Desemba.

Rob-Vel alimuuzia Dupuis haki za Spirou mwaka 1943, katikati ya vita. Tangu hapo mhusika amekuwa wa nyumba ya uchapishaji, akipitishwa kutoka mchoraji hadi mchoraji. Kuanzia 1946 alishikwa na André Franquin, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyempa uhai mkubwa kuliko wote. Mwaka 1952 Franquin aliingiza humo mnyama wa manjano mwenye madoa meusi na mkia mrefu ajabu, Marsupilami. Alipomwacha Spirou mwishoni mwa miaka ya 1960, alimchukua Marsupilami akaondoka naye, kwa kuwa haki zake alizishika mwenyewe. Yeye alikuwa amejifunza.

Siegel na Shuster walifungua kesi mwaka 1947. Nisiwafiche: kabla ya hapo walikuwa wakilipwa vizuri kwa kazi ya kila mwezi, hawakuwa wamelala njaa. Lakini walilipwa kama vibarua wa kitu walichokizaa. Kesi iliisha kwa malipo ya kama dola 94,000, na majina yao yakafutwa kwenye hadithi za Superman. Shuster macho yakazidi kumpotea. Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ikiwa njiani, Siegel alipaza sauti hadharani, na wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson wakiwa mstari wa mbele, wakalishikilia jambo hilo hadi kampuni ikakubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao. Nawaheshimu Adams na Robinson kwa hilo kuliko kwa picha zozote walizochora, na walichora vizuri sana.

Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyochapishwa mwaka 1938 inalindwa kwa miaka 95. Kwa hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2034, kurasa zile 13 zitakuwa za umma. Atakayekuwa huru kuchorwa na yeyote ni Superman yule wa mwanzo tu, asiyeruka kama ndege, anayechupa mita 200 na kuvunja mlango wa gavana usiku; aliyoongezewa baadaye yatasubiri miaka yake. Alama za biashara zitaendelea kulindwa, na mawakili watakuwa na kazi nyingi. Wachoraji mlio vijana humu ukumbini, kurasa hizo zisomeni tangu sasa.