Namna ya Kuchagua Darubini na Skopu ya Kuwindia kwa Bajeti Ndogo, Hatua kwa Hatua

Habari zenu wadau, karibuni sana. Hapa mezani nina darubini tatu na skopu moja, siyo ile ya kufunga kwenye bunduki, ni ile ya bomba moja ya kuangalizia mbali inayokaa kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, na leo tunaenda taratibu jinsi ya kuchagua kifaa cha kuangalizia mawindoni kama hela yako ni ya kubana. Kama una darubini hapo ulipo, hata ya kuazima, ichukue, maana kuna vipimo tutafanya pamoja, na hivyo hivyo utavifanya dukani bila kumtegemea muuzaji akwambie ipi nzuri.

Kabla ya kitu chochote, tuongee mgawanyo wa hela. Mtu ana bajeti yake moja, anaikata katikati, nusu darubini nusu skopu, anarudi nyumbani na vioo viwili ambavyo vyote giza likianza kuingia havioni kitu. Usifanye hivyo. Ukiwa porini muda wako karibu wote unaangalia kwa darubini, skopu inatoka kwenye begi pale tu mnyama umeshamuona na sasa unataka kujua ni dume au jike, pembe zikoje, ni mkubwa au bado mdogo. Kwa hiyo hela yote iende kwenye darubini kwanza, ikibaki nunua tripodi, skopu isubiri. Na kama unawinda kwenye vichaka vilivyoshonana ambako kuona mita mia mbili ni bahati, skopu achana nayo kabisa.

Kuna wanaosema darubini ya nini wakati bunduki ina skopu juu yake. Hapana jamani, hili naomba mnisikilize vizuri. Ukichungulia kwa skopu ya bunduki, mtutu nao unaelekea kule kule unakoangalia, na kile kinachotikisa majani kinaweza kuwa binadamu mwenzako. Unaangalia kwa darubini mpaka uwe na uhakika ni nini, ndo unagusa bunduki.

Haya, hatua ya kwanza ni namba. Nasogeza hii karibu na kamera, mnaona imeandikwa 8x42. Ile 8 ni inavuta mara ngapi, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wengi wanakimbilia namba ya kwanza iwe kubwa, ila hebu piga hesabu: mnyama yuko mita 400, kwa mara nane unamuona kama yuko mita 50, kwa mara kumi unamuona kama yuko mita 40. Umepata mita kumi tu, na ulichotoa ni eneo unaloliona kwa mpigo limepungua na mtikisiko wa mikono yako nao umekuzwa mara kumi. Ukipita kumi bila tripodi mikono ya watu wengi haiwezi, picha inacheza cheza na jicho linachoka.

Sasa chukua 42 gawa kwa 8, unapata 5.25. Hiyo ni milimita ya duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni mwako. Ya mara kumi yenye 42 inatoa 4.2, na hii ndogo ya mfukoni ya 10x25 inatoa 2.5. Mchana mboni ya jicho inabana mpaka milimita mbili au tatu hivi, kwa hiyo saa sita mchana zote hizi zitaonekana sawa tu, na ndo maana watu wanadanganyika dukani. Ila giza likianza kuingia mboni inapanuka mpaka tano, kwa kijana hata kufika saba, na hapo ile ndogo inakuwa haina tena mwanga wa kukupa. Na wanyama wengi wanatoka muda gani? Alfajiri na magharibi. Kwa hiyo kwa mtu wa kununua moja tu mimi nasema 8x42 kama kwenu ni vichaka, 10x42 kama ni uwanda wazi au milima, basi. Zile za 50 zina mwanga mzuri lakini ukitembea nayo shingoni kutwa nzima utaichukia.

Halafu za zumu, zile za 10-30x50, na zile wanazoandika inavuta mara mia, hizo acha dukani. Darubini ya zumu ya bei ndogo ni ngumu sana mabomba yote mawili kwenda sawa sawa, na ukivuta ni kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Na namba zenyewe mara nyingi ni za uongo, ngoja niwaonyeshe jinsi ya kuikamata. Shika darubini mbali na uso kama sentimita 30, elekeza kwenye ukuta mweupe au angani, ILA JUA USILIELEKEE KABISA linaharibu jicho moja kwa moja. Unaona kile kiduara cheupe kwenye kioo cha nyuma? Weka rula pale upime. Hii yangu imeandikwa 20x50, kwa hesabu duara lilitakiwa liwe milimita 2.5, lakini rula inasema tano. Gawa 50 kwa tano, unapata kumi. Yaani inavuta mara kumi tu, ishirini wameandika ya kuuzia. Rula siyo kipimo cha maabara lakini uongo wa mara mbili utauona tu.

Usiitoe hapo, endelea kukiangalia hicho hicho kiduara. Kikiwa duara safi lenye mwanga mpaka pembeni, vizuri. Ukiona pembeni kumekatwa kukawa kama pembe nne zenye kivuli cha kijivu, ujue prizimu za ndani, vile vipande vya glasi vinavyopindisha mwanga, ni za glasi ya bei rahisi, BK7, badala ya ile bora, BaK4, na mwanga wa pembeni unapotea. Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye darubini zenye mabega.

Na mabega ndo hatua ya pili. Darubini ziko za aina mbili, hii yenye mabega yaliyotoka nje inaitwa poro, na hii nyingine mabomba yamenyooka, ni ya prizimu za paa. Zilizonyooka ni nyembamba, zinapendeza, ni rahisi kuzizuia maji, lakini kuitengeneza vizuri ni gharama, maana prizimu zake za kawaida zinahitaji tabaka la kioo la kurudisha mwanga na tabaka lingine la kurekebisha fezi ya mwanga ili picha isiwe butu. Hilo la fezi Zeiss ndo walilileta mwaka 1988 kwenye darubini za bei ya juu, sasa hivi limeshashuka mpaka za bei ya kati. Poro haihitaji hayo yote. Kwa hiyo kama bajeti iko chini kabisa, poro itakupa picha kali kuliko iliyonyooka ya bei ile ile, hata kama watu wataiona ya kizamani. Kama una uwezo kidogo chukua iliyonyooka, lakini hakikisha kwenye maelezo wametaja hilo tabaka la fezi, wasipolitaja chukulia kwamba halipo.

Hatua ya tatu, rangi ya lenzi, hapa ni haraka. Kioo kisichopakwa kitu kinarudisha nje kama asilimia 4 ya mwanga kila uso, na darubini ina nyuso kumi na zaidi kila upande, kwa hiyo theluthi nzima ya mwanga inaweza kupotea njiani. Tafuta herufi FMC, maana yake nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi. Washa taa, angalia inavyojirudisha kwenye lenzi, unataka uone vitaa hafifu vya zambarau au kijani. Ukiona taa nyeupe inang'aa, kuna uso haujapakwa. Na zile lenzi nyekundu nyekundu kama kioo cha kujitazamia, hapana, zinafukuza mwanga ule ule unaouhitaji jioni.

Hatua ya nne muombe muuzaji utoke nayo nje. Ndani ya duka lenye taa kila darubini ni nzuri. Kama unaweza nenda jioni. Kwanza panua au bana bawaba mpaka uone duara moja, siyo mawili yaliyopishana. Halafu rekebisha macho, na wengi wana darubini miaka hawajawahi kuligusa hili: funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote yabaki wazi, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione kali. Sasa hamishia kiganja kushoto, gurudumu la katikati usiliguse, zungusha ile pete ndogo iliyoko kwenye jicho la kulia mpaka nalo lione kali. Kumbuka alama ilipoishia, ndo yako hiyo.

Ukishafanya hivyo tafuta mstari ulionyooka kwa mbali, waya wa umeme au ukingo wa bati. Uangalie, afu taratibu sogeza darubini mbele mbali na macho, bado unaangalia mstari kwenye vile viduara viwili. Ukiwa usawa mmoja kushoto na kulia, safi. Ukipanda upande mmoja, mabomba hayajapangwa sawa, na hiyo utaangalia dakika kumi kichwa kinaanza kuuma hujui kwa nini. Hii kasoro moja inatosha kuirudisha hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Unavaa miwani? Angalia kwenye maelezo nafasi ya jicho (eye relief), yaani umbali wa jicho kutoka kioo cha nyuma, iwe milimita 15 kwenda juu, na raba za jichoni ziwe za kushuka, la sivyo utaona katikati tu.

Maji sasa. Unataka iliyozibwa kwa oringi, zile pete za raba, na kujazwa gesi ya naitrojeni ndani, hiyo haitapata ukungu kwa ndani ukitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto. Nje bado itapata ukungu wa pumzi yako, huo unafutika. Ikiandikwa IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. "Inastahimili maji" bila namba yoyote ichukulie ya manyunyu tu.

Mimi kwa mwenye hela ndogo napenda sana mtumba. Darubini nzuri iliyotumika na kutunzwa ni bora kuliko mpya ya hovyo. Ila njoo na tochi. Mulika kwa mbele, wewe chungulia kwa nyuma, kisha geuza. Vumbi kidogo siyo shida. Ukiona nyuzi nyuzi zinazotawanya matawi hizo ni fangasi, acha, ukiona kama moshi umetanda ndani, acha. Mikwaruzo miwili mitatu kwenye lenzi ya mbele haiharibu picha, kwenye ya nyuma inasumbua zaidi.

Haya, skopu. Hizi za bajeti nyingi ni 15-45x60 au 20-60x80. Kwenye skopu zumu inakubalika maana ni bomba moja, lakini piga ile ile hesabu: lenzi ya 60 ukivuta mara 45 duara linabaki milimita 1.3, picha inakuwa nyeusi na laini. Na jua likipanda hewa juu ya ardhi inachemka, picha inayumba, hapo kuvuta zaidi unakuza mawimbi ya joto tu. Kazi kubwa utaifanya kati ya 20 na 40, kwa hiyo ijaribu hapo na uangalie kama bado ni kali. Angalia pia tawi jeusi lenye anga nyuma yake, ukiona mpaka wa zambarau mnene pembeni mwa tawi ndo kasoro ambayo glasi ya ED, glasi maalum isiyotawanya rangi sana, inaipunguza. Kwenye darubini ya mara nane nisingelipia zaidi kwa ajili ya ED, kwenye skopu ningelipia.

Jicho la skopu, kile kioo cha kuchungulia, liwe la kuinama au lililonyooka? La kuinama tripodi inakaa chini zaidi, haitikisiki na upepo, na watu wa vimo tofauti wanaangalia bila kuirekebisha. Lililonyooka ni rahisi kumpata mnyama haraka, na ndani ya gari ndo zuri. Mimi nachukua la kuinama.

Ila skopu kwenye tripodi dhaifu ni hela ya bure. Kile kistendi kifupi wanachokupa kwenye boksi kitumie juu ya meza tu. Jaribu hivi, vuta mpaka 40 kisha gusa gurudumu la fokasi, picha ikichukua muda mrefu kutulia tripodi haifai. Ining'inizie begi katikati, inasaidia sana.

Na hapa ndo penyewe kwa wenye hela kidogo: angalia mbele ya bawaba ya darubini yako, nyingi zina kifuniko kidogo, kifungue. Mnaona tundu la skrubu? Ni la inchi robo, kuna kibano cha bei ndogo kinaingia pale na darubini inakaa kwenye tripodi. 10x42 iliyotulia hivi itakuonyesha sikio linalotikisika ambalo mkononi usingeliona, na wengi wakishajaribu hamu ya skopu inapungua.

Ukishaifunga kaa chini, usisimame. Anza na sehemu za karibu, afu gawanya eneo kwa mistari, kushoto kwenda kulia, shuka kidogo, rudi. Usiitembeze muda wote, isimamishe, acha jicho lizunguke ndani ya duara, ndo uhamie pengine. Usitafute mnyama mzima, tafuta kipande: mstari wa mgongo uliolala kati ya miti iliyosimama, mguu, ncha ya pembe. Ukimaliza eneo lote rudia tangu mwanzo, maana aliyekuwa amelala kivulini mara ya kwanza anaweza kuwa amesimama sasa.