Kusakinisha MusicBee na kupanga nyimbo kwenye kompyuta

Nusu ya nyimbo zako zinaitwa “Track 01”, nusu nyingine zimebeba jina la tovuti ulikozipakulia. MusicBee, programu ya kucheza na kupanga nyimbo, inatibu hilo. Ni ya bure, na ni ya Windows tu. Mwenye Linux atafute programu iitwayo Strawberry.

Fungua kivinjari, andika getmusicbee.com wewe mwenyewe juu kabisa. Usipitie matangazo ya kwenye matokeo ya utafutaji, mengi yanakupa programu nyingine usiyoijua. Kwenye ukurasa wa kupakua kuna ya kusakinisha na kuna ya kubebeka, ile unayoiweka kwenye flashi ukatembea nayo. Sisi tunachukua ya kusakinisha. Inashuka ikiwa zipu: ibofye kulia, chagua “Extract All”, halafu bofya mara mbili faili la setup lililotoka. Windows ikiomba ruhusa, kubali. Kuanzia hapo ni “Next” mpaka mwisho.

Kabla hujaifungua, subiri kidogo. Kusanya nyimbo zote kwenye folda moja, tuseme D:\Muziki, na uweke nakala yake kwenye diski ya nje. Nakala ni ya lazima, kwa sababu ukihariri jina ndani ya MusicBee, mabadiliko yanaandikwa kwenye faili lenyewe la wimbo.

Sasa fungua. Itakuuliza ipekue wapi. Ielekeze kwenye D:\Muziki peke yake. Ukiiachia diski yote ya C, itakuletea milio ya Windows pamoja na sauti za WhatsApp ulizowahi kuhamisha kutoka kwenye simu, na kuzichambua moja moja ni adhabu. Umeruka hatua hiyo? Bofya neno MusicBee juu kushoto, ingia “File”, kisha “Scan Folders for New Music”.

Nyimbo zimeingia, lakini albamu moja imekatika vipande sita. Hapa ndipo wengi wanaifuta programu wakidhani ni mbovu. MusicBee haiangalii jina la faili wala folda. Inasoma maelezo yaliyoandikwa ndani ya wimbo, na kinachounganisha albamu ni sehemu iitwayo “Album Artist”. Chukua albamu ya Jahazi Modern Taarab: wimbo huu kaimba Mzee Yusuf, ule Leila Rashid, mwingine Khadija Yusuf. Sehemu ya “Artist” ikiwa tofauti na “Album Artist” ikiwa tupu, kila mwimbaji anapata albamu yake. Bofya wimbo wa kwanza, shikilia Shift, bofya wa mwisho, kisha bonyeza Shift na Enter kwa pamoja. Kwenye “Album Artist” andika Jahazi Modern Taarab. “Artist” usiiguse, maana umechagua nyimbo nyingi na utawafuta waimbaji wote kwa jina moja. Hifadhi. Vipande vinaungana papo hapo. Kama kimoja kimegoma, kagua tahajia ya jina la albamu. Herufi moja ikitofautiana, kwa programu hiyo ni albamu nyingine.

Ipo pia njia ya kujaza maelezo kutoka kwenye intaneti. Kwa muziki wa Ulaya na Marekani inasaidia sana. Kwa taarabu na dansi la zamani, mara nyingi haipati kitu, au inakupa albamu isiyohusika kabisa. Andika kwa mkono.

Wanaoweka muziki kwenye diski ya nje, sikilizeni hapa. Leo diski ni E, kesho umechomeka flashi kwanza, diski inakuwa F, na MusicBee inasema nyimbo hazipo. Usipekue upya. Chomoa kwanza hiyo flashi iliyochukua E, kisha bofya kulia kitufe cha Start, fungua “Disk Management”, bofya kulia diski yako, chagua “Change Drive Letter and Paths”, uirudishie E. Funga MusicBee, ifungue tena.

Mwisho, tafuta faili liitwalo MusicBeeLibrary.mbl, ambalo ndilo linalotunza orodha ya nyimbo zako ndani ya MusicBee; kwa kawaida limo kwenye folda ya MusicBee ndani ya Music. Linakili kila mwezi ukiwa umefunga programu.