Kwaruza Kwanza, Resini Baadaye: Mhadhara Kuhusu Kutengeneza Mapezi ya Ubao wa Mawimbi Nyumbani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nitalisema tena, kwa sababu mapezi mengi ninayoletewa hayakumalizwa na mwamba. Yamemalizwa na matengenezo. Pezi, kile kibao chembamba kinachokaa chini ya ubao wa kupanda mawimbi, linafanya kazi gani, hilo mnalijua, sitalirudia.

Nianze na kijana mmoja aliyenijia na pezi la pembeni lililovunjika ncha. Alikuwa ameijenga ncha kwa resini, ule utomvu wa viwandani unaomiminwa ukiwa majimaji kisha ukaganda, akaingia majini, ncha ikabanduka. Akamimina tena, ikabanduka tena. Alipofika kwangu alikuwa ameshakata shauri kwamba aliuziwa resini mbovu. Nikamwomba anionyeshe kile kipande kilichotoka; kwa bahati alikuwa nacho. Nikakigeuza tukautazama upande uliokuwa umeshikana na pezi. Ulikuwa unang'aa kama kioo. Nikamwuliza, unaona nini? Akasema, "Fundi, mbona ni safi kabisa." Nikamwambia, huo usafi ndio ugonjwa wenyewe. Upande ule ulitakiwa uwe umechanika, una manyuzi ya pezi la zamani yaliyong'olewa kwa nguvu. Kipande kikibanduka kikiwa laini, resini haikushika kitu. Ililala juu tu, ikangoja wimbi la kwanza.

Resini mpya haiyeyushi resini iliyokwisha kukauka. Haviungani vikawa kitu kimoja. Kinachoishikilia mpya juu ya kuukuu ni mikwaruzo: resini inaingia kwenye vifereji vidogo, inagandia humo, inang'ang'ania. Pasipo mikwaruzo hakuna mshiko, hata ununue resini ghali kuliko zote.

Sasa sikilizeni mpangilio, maana hata wanaokwaruza hukosea hapa. Osha pezi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likauke kabisa. Kisha lifute kwa asetoni, kile kiyeyusho kinachoondoa nta na mafuta, na kitambaa safi, ndipo ushike msasa. Asetoni kwanza, msasa baadaye! Ubao una nta, mikono yako ina mafuta, na ukianza na msasa unaisukuma ile nta ndani ya mikwaruzo uliyoichimba mwenyewe. Ukishamaliza kukwaruza, futa vumbi, na usiguse tena kwa vidole vitupu.

Tena angalia rangi. Faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa resini, ikipata kishindo huwa nyeupe pale ambapo matabaka yameachana. Weupe ule ni faiba iliyokufa. Uondoe wote kwa msasa namba 80 mpaka ufike mahali pazima. Mtu anaona weupe, anaufunika kwa resini, anashangaa pezi linakatika palepale. Lisikatike kwa nini?

Halafu mshazari. Usiache ukingo wa mvunjiko ukiwa wima. Uchonge ulale, unene upungue taratibu kuelekea kwenye mvunjiko. Mafundi wa boti za faiba wana kipimo chao, na mimi nakifuata: mshazari uwe mrefu mara 12 ya unene. Pezi likiwa na unene wa milimita 2 karibu na ncha, mshazari ni milimita 24. Ukichonga pande zote mbili, kila upande unabeba nusu ya unene, basi milimita 12 kila upande zinatosha.

Najua kuna anayesema moyoni, huyu ananiambia niharibu sentimita nzima ya pezi zima kwa ajili ya ncha ndogo. Ndiyo, nakuambia hivyo. Pezi linasukumwa na maji kwa ubavu kila unapogeuka, na nguvu yote ile inapita kwenye kiungo. Kiungo cha wima kina eneo dogo la kushikia. Mshazari unalizidisha eneo hilo mara nyingi, na nguvu inatawanyika badala ya kukusanyika kwenye mstari mmoja.

Mwingine anasema, kwani gundi ya haraka ina ubaya gani? Kwa kimego kidogo ukingoni, gundi ikishakauka ukakipiga msasa, sawa. Kwa ncha nzima, hapana. Gundi ile ikikauka inakuwa kavu mno, haipindi, na pezi la faiba hupinda. Na yule anayesema nunua jipya namjibu hivi: mapezi mengi huuzwa kwa seti. Limevunjika moja, unalipia matatu, na yale mawili mazima yanabaki kabatini. Lile lililovunjika unalitupa, nalo ni faiba na resini, haliozi. Nyenzo nzuri namna hiyo itupwe kwa sababu ya ncha ya ukubwa wa kidole gumba? Mimi siwezi kukubali, na nitaendelea kusema.

Resini tupu haina nguvu. Nguvu iko kwenye nyuzi. Kata vipande vya kitambaa chepesi cha faibaglasi, kile cha gramu 135 hivi kwa mita ya mraba, kila kipande kipitane kidogo na kilicho chini yake, vipande vyote vilale juu ya mshazari wako. Kama ncha yenyewe haipo, bandika selotepu upande mmoja ili iwe ukuta, ujaze resini iliyochanganywa na nyuzi zilizokatwakatwa, kisha uje na kitambaa juu yake pande zote mbili. Jenga kubwa kuliko unavyohitaji. Kupunguza ni rahisi, kuongeza ni kuanza upya.

Umbo utalipata wapi? Kwa mwenzake. Chukua pezi zima la upande wa pili, lichore kwenye karatasi ngumu, ukate, halafu uigeuze ile karatasi, maana pezi la kulia na la kushoto hutazamana. Tangu mpanda mawimbi wa Australia, Simon Anderson, aliposhinda mashindano ya Bells Beach mwaka 1981 kwa ubao wa mapezi matatu, mpangilio huo ndio umetawala, na ndani yake mapezi ya pembeni kwa kawaida huwa bapa upande wa ndani na yamebinuka upande wa nje, la katikati likibinuka pande zote mbili sawasawa. Mtu akilipiga msasa pezi la pembeni pande zote mbili kwa usawa, analigeuza kuwa pezi la katikati lililokaa pembeni. Upande bapa ulaze juu ya kioo au ubao ulionyooka, uone kama unakaa.

Resini gani, epoksi au poliesta? Kama hujui pezi lako limetengenezwa kwa nini, tumia epoksi. Epoksi hushika juu ya poliesta vizuri. Poliesta juu ya epoksi ni mshiko dhaifu. Pima kama kopo linavyosema. Katika epoksi, kuzidisha hadena, yaani kile kigandishaji, hakuharakishi kazi: inayozidi haipati mwenzake wa kuungana naye, na utabaki na kitu laini kisichokauka. Poliesta ndiyo inayovumilia hadena yake kuongezwa au kupunguzwa kidogo, kati ya asilimia 1 na 2 ya resini. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana, kwa sababu resini nyingi ndani ya kikombe hujipasha moto yenyewe, hufuka moshi, na huweza kukuunguza. Epoksi ikishakauka huweza kuacha utando wa mafuta juu; uoshe kwa maji na sifongo kabla ya tabaka jingine, la sivyo tumerudi kwa yule kijana na kipande chake kinachong'aa.

Na hapa sina masihara. Vaa glavu. Vaa miwani, hasa unaposhika hadena ya poliesta, kwa maana tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, fungua madirisha, na piga msasa kwa maji kila unapoweza ili vumbi la faiba lisiruke. Watoto wasiwe karibu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haya yaliyobaki nayapitia mbio. Ukingo wa nyuma uwe mwembamba na umenyooka. Ukiwa na vimego pezi hutetemeka na kuvuma ukienda kasi. Misasa ni namba 80, 120, 220, kisha 400 kwa maji, basi. Mapezi ya plastiki: resini haishiki vizuri, safisha kingo tu, na likikatika libadilishe. Vijino vya kuchomekea pezi kwenye ubao vikikatika, sishauri kuvijenga upya; hapo ndipo mzigo wote unapokaa. Nyufa kuzunguka kisanduku cha pezi, lile tundu la ubao linaloshika pezi, ni ugonjwa wa ubao, maji yanaingia ndani, usiuingize baharini mpaka ukauke na uzibwe. Na kama sponji ya ndani ya ubao ni polistairini, poliesta isiiguse, inaiyeyusha. Mapezi yaliyojengwa moja kwa moja kwenye ubao yanataka kikao chake.

Unaporudisha pezi, kama halitaki kuingia usilipige. Kuna resini imedondokea kwenye kijino. Punguza kijino kwa msasa, usichonge kisanduku, kisha kaza skrubu mpaka ishike tu.

Waliokuja na mapezi yaliyovunjika, sogeeni kwenye ile meza. Asetoni iko kushoto, misasa iko kulia. Anzeni kushoto.