Kushusha Boti Majini kwa Usalama Kutoka Mwaloni

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tupo kwenye mwalo mmoja wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, ambako maji ya Kikuletwa na Ruvu hukusanyika kabla ya kushuka na Mto Pangani. Tutashusha boti ndogo iliyobebwa kwenye tela.

Simamisha gari juu kwanza, pembeni mwa mteremko. Wavuvi wanaorudi na samaki asubuhi wanatumia njia hii hii, na si haki kuwazibia huku wewe ukitafuta makasia. Maandalizi yote yamalizikie hapa juu: mafuta yawe ndani, mashine iwe imeinuliwa, kila mtu awe amevaa boya lake, kamba ndefu ifungwe kwenye omo, yaani mbele ya boti, na mikanda ya nyuma ifunguliwe. Mkanda wa winchi, kifaa cha kuvutia boti kwenye tela, unaoshika omo usiuguse bado, kwa sababu boti ikiteleza ingali nchi kavu inaweza kumwangukia mtu.

Sasa tazama hapa, chini ya tezi, yaani nyuma ya boti. Kitundu hiki, ambacho kidole gumba kinakienea, ni cha kutolea maji. Kaza kizibo chake kwa mkono, kisha kivute uone kama kinacheza. Niliwahi kukisahau, na tulikuwa hatujafika mbali miguu yetu ilipoanza kulowa. Tangu siku hiyo nakifunga kabla sijagusa mkanda wowote.

Kabla ya kurudi nyuma, shuka kwa miguu ukague njia. Maji ya bwawa hupungua wakati wa kiangazi na kuacha tope laini linaloweza kumeza tairi, kwa hiyo lichome kwa kasia ukiwa umesimama pakavu. Usiingie majini kupima kina: humu mna mamba na viboko, na wavuvi watakueleza wanapoonekana. Gusa pia kitovu cha gurudumu la tela. Kikiwa bado cha moto, subiri kipoe, maana chuma cha moto kikizamishwa ghafla hufyonza maji hadi kwenye grisi ya beringi.

Fungua vioo na mkanda wa kiti, shika usukani kwa chini, na kumbuka kwamba unakopeleka mkono ndiko tela litakakoelekea. Mwongozaji asimame ubavuni, anapoonekana kwenye kioo. Nyuma ya tela asikae mtu yeyote. Tezi ikianza kuelea, simama, vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia, na uweke mawe nyuma ya tairi za nyuma. Hapo ndipo winchi inafunguliwa, mwenzako akiwa ameishika kamba ya omo bila kuizungusha mkononi.

Gari lipande kwanza. Boti ivutwe pembeni, abiria wapande mmoja mmoja na kukaa katikati, kisha nahodha ateremshe mashine, avae kamba ya kuzimia mashine kwenye kifundo cha mkono, na awashe.