Kabla ya Kiboko, Lisome Daftari

Walimu wenzangu, hili nimelisema kila semina na leo nalirudia. Daftari la adhabu mnalo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni hapa Tanzania, za mwaka 2002, zinalidai: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko isiyozidi 4. Tunalijaza kwa ajili ya mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiondoka linarudi kabatini. Nani analisoma?

Katika shule moja ya kata nilikuta jina la kijana wa kidato cha kwanza limejaa kurasa. Kelele. Dharau. Kugonga meza. Kelele tena. Mwalimu wa nidhamu akaniambia, "Huyu ameshindikana." Nikaomba ratiba, tukaiweka kando ya daftari. Fujo zote ziliangukia Biolojia, Historia na Jiografia. Kwenye Kiswahili, hata mara moja!

Nikaenda kukaa nyuma ya darasa. Mwalimu anawasomesha kwa zamu, kitabu cha Kiingereza, dawati baada ya dawati. Yalipobaki madawati mawili kumfikia, kijana akaanza kugonga meza kwa rula. Akatolewa nje, akapiga magoti chini ya mwembe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Shule ya msingi yote amefundishwa kwa Kiswahili. Januari anaingia sekondari, anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Afadhali aitwe mtukutu kuliko asome kwa kubabaika wenzake wakamcheka. Ile adhabu ndiyo aliyokuwa akiitafuta, na sisi tukampa kila wiki.

Tulimshauri mwalimu ampe aya yake siku moja kabla, aisome na rafiki yake. Kelele hazikwisha, lakini zilipungua, na kijana akaanza kunyoosha mkono.

Najua mtaniambia, "Mwalimu, darasa lina watoto themanini, nimchunguze nani?" Sijasema themanini. Fungueni daftari, mtaona majina ni yaleyale matano. Na wewe unayesema "sisi tulichapwa na tukawa watu", wahesabu pia wale mliokuwa nao darasani wakaacha shule. Hao hawamo humu ukumbini kutusimulia. Wala sisemi mtoto aachwe avuruge darasa. Nasema ujue anakimbia nini, maana usipojua utachapa mpaka mkono uchoke na kesho atagonga meza ileile.

Ombi langu ni dogo: chora safu moja zaidi kwenye daftari, andika kipindi na saa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi mengine nayapitia haraka. Anayesinzia na kujibu kwa hasira vipindi vya mchana, muulize kama amekula tangu asubuhi. Wazazi, chakula cha shuleni kizungumzeni kwenye kikao, msisubiri kuitwa. Na mtoto "asiyesikia", mwangalie masikio. Usaha unaotoka mara kwa mara hupunguza usikivu kweli. Mhamishie dawati la mbele, na mzazi wake aambiwe ampeleke zahanati, kabla hujamwandika mkaidi.