Vipande Mia Moja: Njia Iliyo Kati ya Printa na Kiwanda

Ndugu walimu, mafundi na wanafunzi wa uhandisi,

Jambo ninalolirudia kila ninapopewa nafasi ni hili: anayehitaji vipande 100 vya plastiki, tuseme vifuniko vya kifaa cha kupimia unyevu wa udongo, asiambiwe kwamba ana njia mbili tu, printa ya 3D au kalibu ya chuma, yaani umbo tupu la chuma ambamo plastiki iliyoyeyushwa hushindiliwa ili ipate sura ya kipande. Kalibu ikigharimu shilingi milioni 10 na ikatoa vipande 100, kila kipande kimebeba shilingi 100,000 kabla hujanunua hata punje moja ya plastiki. Ikitoa vipande 20,000, mzigo huo unashuka hadi shilingi 500. Kinachoamua ni wingi, na swali la wingi ndilo wengi wetu hatuliulizi mapema.

Najua wapo watakaosema tuvichapishe vyote. Kipande kikichukua saa 3, vipande 100 ni saa 300, yaani siku 12 na nusu za printa isiyopumzika wala kukatikiwa umeme. Tena kipande cha filamenti, yaani uzi wa plastiki ambao printa huuyeyusha, hujengwa tabaka juu ya tabaka, na kikivutwa huachia pale tabaka zinapoungana. Chuck Hull wa Marekani, aliyeomba hataza ya kuchapisha kwa resini, kimiminika kinachogandishwa kwa mwanga, mwaka 1984 na kuipata mwaka 1986, alikuwa amechoshwa na muda mrefu wa kusubiri sampuli za plastiki. Kwa sampuli, printa haina mpinzani.

Katikati ndipo ilipo kalibu ya silikoni, aina ya mpira unaonyumbuka. Chapisha kipande kimoja, kisugue kwa msasa wa maji hadi kiwe laini kabisa, kwa maana silikoni hunakili hata mkwaruzo usioonekana kwa macho. Kining'inize ndani ya boksi, ukiacha njia ya kumiminia na matundu ya kutolea hewa, kisha mimina silikoni iliyokwisha kuondolewa mapovu kwenye chombo cha ombwe, yaani kilichofyonzwa hewa. Ikikauka, ikate kwa kisu kwa mstari wa mawimbi ili nusu mbili zirudi mahali pake bila kuteleza, toa kipande cha awali, zifunge, kisha mimina poliurethani ya sehemu mbili, yaani vimiminika viwili vinavyochanganywa vikaganda kuwa plastiki, uliyoipima kwa mizani. Kalibu moja hutoa takriban vipande 20 kabla ya kuanza kuchanika, hivyo kalibu tano, zote zikitokana na kipande kilekile cha awali, zinakufikisha kwenye 100.

Hapa huinuka pingamizi kwamba silikoni ni ghali na huagizwa nje. Ni kweli, lakini kalibu iliyochakaa hukatwakatwa na kujazwa ndani ya mpya, mbali na uso wa kipande, ikapunguza silikoni inayonunuliwa. Gharama inayoniumiza zaidi ni ya uzembe: makopo ya poliurethani kuachwa wazi kwenye hewa yenye unyevunyevu kama ya Dar es Salaam au Mombasa, maji yakaingia, na kipande kikatoka kimejaa povu. Upo pia uzembe wa afya. Sehemu moja ya poliurethani ina isosianati, ambayo hudhuru mapafu. Anayeimimina bila glavu katika chumba kisichopitisha hewa anajiumiza, na mwalimu anayemtazama akanyamaza anashiriki kosa hilo.

Muda umenibana, nami bado sijagusa kalibu za alumini, ambazo huchongwa upesi kuliko za chuma na hufaa vipande vikifika maelfu machache. Niseme moja tu kwa wachoraji. Unene wa kuta uwe sawa, la sivyo sehemu nene itapoa mwisho na kubonyea. Na kuta za wima zipewe mwinamo wa nyuzi 1 hadi 2 ili kipande kitoke. Silikoni hujinyumbua na kukusamehe usipouweka mwinamo huo, lakini alumini na chuma havinyumbuki, kwa hiyo uwekeni tangu mchoro wa kwanza, hata kama leo mnahitaji vipande 20 tu.