Mstari wa Mtoto Njiti: Kusoma Takwimu kwa Macho

Shikamooni wakubwa zangu. Wauguzi, wanafunzi wa takwimu na wazazi mliofika, habari za jioni. Mlangoni kila mmoja amepewa karatasi yenye chati ya uzito, kama ile iliyomo kwenye kadi ya kliniki. Ishikeni tu kwa sasa.

Nimeanza na kadi kwa sababu nataka tukubaliane kwamba jambo tunalolizungumzia leo si geni kwetu. Mama anayetoka kupima mtoto akakutana na jirani yake njiani, hasemi "kilo sita na gramu mia mbili." Anasema, "Mwanangu yuko kwenye kijani." Amesoma takwimu kwa macho, akapata uamuzi. Chati ya namna hii ilikuzwa na daktari Mwingereza, David Morley, alipokuwa akifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, magharibi mwa Nigeria, kuanzia miaka ya 1950. Kilichonivutia zaidi kwake ni kwamba kadi aliiacha ikae nyumbani kwa mama. Aliona kuwa msomaji wa kwanza wa mstari ule ni yule anayemlisha mtoto.

Sasa tumlete mtoto njiti. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Mwaka 2020 walikadiriwa kuwa milioni 13.4 duniani, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi. Aliyezaliwa wiki ya 36 na aliyezaliwa wiki ya 26 wote tunawaita njiti, ingawa safari zao hazifanani hata kidogo. Huyu wa 26 mapafu hayajakomaa, ngozi inapoteza joto haraka, na kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio bado hajakuweza.

Mtoto huyo akiunganishwa na mashine inayohesabu mapigo ya moyo mara moja kila sekunde, kwa siku tunapata namba 86,400. Hayo ni mapigo peke yake, oksijeni na upumuaji sijavigusa. Muuguzi anayeandika kila baada ya saa tatu atakuwa na namba nane kwenye fomu yake. Simlaumu. Usiku mmoja niliukesha wodini na mdogo wangu, mwanawe akiwa amezaliwa wiki ya 31. Muuguzi alikuwa mmoja, watoto wengi, na kengele za mashine zililia mpaka tukaacha kugeuka. Nilijiuliza usiku ule, na bado ninajiuliza: katika namba zote zile zinazopita na kupotea, ni ipi iliyostahili kumfanya yule dada asimame?

Chukueni mfano wa oksijeni. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, hospitali za nchi tajiri ziliwapa njiti oksijeni nyingi bila kipimo, kwa nia njema kabisa. Maelfu ya watoto wakapofuka, kwa kuwa mishipa midogo ya damu ya jicho ambalo halijakomaa huharibika oksijeni inapozidi. Ikabidi oksijeni ibanwe. Lakini ikipungua mno, mtoto anakufa au ubongo unaumia. Majaribio makubwa yaliyounganishwa na kuchapishwa mwaka 2018, yenye karibu watoto 5,000, yalilinganisha lengo la oksijeni kwenye damu la asilimia 85 hadi 89 na lengo la asilimia 91 hadi 95. Kwenye lengo la chini vifo viliongezeka, na kwenye lengo la juu watoto wengi zaidi walihitaji matibabu ya macho. Njia ya kupita ni nyembamba kama ukingo wa shamba la mpunga.

Wanafunzi wa takwimu, hapa ndipo wastani unapotusaliti. Wapo watoto wawili, wote wastani wao wa oksijeni wa usiku kucha ni asilimia 92. Mmoja amekaa kati ya 90 na 94 muda wote. Mwingine amepanda hadi 100, akashuka hadi 80, akapanda tena, usiku mzima. Kwenye fomu wamelingana. Ukichora pau zinazoonyesha kila kiwango cha oksijeni kilichukua dakika ngapi, wa kwanza atakuwa na kilima kimoja chembamba, wa pili atasambaa kama maji yaliyomwagika sakafuni. Daktari akitupia jicho sekunde mbili tu, anajua ni nani wa kurekebishiwa oksijeni. Wodi zenye mashine za kutunza kumbukumbu huzitumia pau hizi, na kwangu mimi hakuna mchoro bora kuliko huo kwa mtoto njiti.

Mfano wa pili ni wa moyo. Moyo wa mtoto mwenye afya hautulii kama saa ya ukutani, unachezacheza kidogo kila wakati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliona kwamba saa kadhaa kabla dalili za maambukizi kwenye damu hazijajitokeza, mstari wa mapigo hunyooka, mchezo wake unapungua, kisha unakatwa na mishuko mifupi ya ghafla. Wakageuza umbo hilo kuwa alama moja inayoonekana kwenye kioo. Jaribio lao la mwaka 2011 lilihusisha watoto 3,003 wenye uzito wa chini ya gramu 1,500. Ambao alama zao zilionyeshwa kwa wahudumu walifariki asilimia 8.1, na ambao alama zao zilifichwa, asilimia 10.2. Wahudumu hawakuagizwa kutoa dawa yoyote mpya. Kilichoongezwa ni kitu cha kuonekana.

Ningeishia hapo mngerudi nyumbani mkiamini kwamba tukichora grafu nyingi watoto watapona. Sitaki mwamini hivyo. Mwaka 2005 watafiti wa Scotland walichapisha jaribio lililonibadilisha. Waliwaita madaktari na wauguzi 40 wa wodi ya njiti. Hali zilezile za wagonjwa wakaonyeshwa wakati mwingine kwa grafu kutoka kwenye mashine, wakati mwingine kwa maelezo mafupi yaliyoandikwa na wataalamu, kisha wakaulizwa wangechukua hatua gani. Waliamua vizuri zaidi kwa maandishi, na bado wenyewe walisema wanapenda grafu! Baadaye wenzao wa Aberdeen wakaifundisha kompyuta kuandika maelezo hayo. Maandishi ya kompyuta yalilingana na grafu, lakini hayakuyafikia yale ya binadamu.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Mtaalamu aliyeandika aya ile alikuwa amekwisha kuchagua. Aliacha mambo mia, akataja matatu, akayapanga kwa mfuatano wa kilichotokea. Grafu ile ilimwaga kila kitu mezani na kumwambia muuguzi aliyechoka, "Chambua mwenyewe." Basi nikisahihisha kazi zenu, sitauliza mmetumia programu gani. Nitauliza mmeacha nini, na kwa nini.

Naona mkono pale nyuma. Karibu dada. ... Anasema wodini kwao mashine za kuhifadhi kumbukumbu hakuna, je, haya yote yanamhusu?

Yanakuhusu sana. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali tano, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizojaribu kumweka mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie. Watoto walikuwa 3,211, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliongojeshwa. Takwimu iliyobeba tofauti hiyo unaweza kuikusanya kwa kalamu: saa za kangaroo, yaani za mtoto kukaa kifuani, kwa siku. Walioanza mapema walikaa kifuani karibu saa 17, wengine saa moja na nusu hivi walipokuwa bado chini ya uangalizi maalumu. Chora miraba 24 kwenye karatasi juu ya kitanda, mama apake rangi kila saa aliyombeba. Baba akija akambeba, apake kwa rangi yake. Asubuhi daktari wa zamu ataiona karatasi hiyo kabla ya faili.

Baada ya kuruhusiwa huwa tunamsahau mtoto huyu, na ubongo wake ndio kwanza unakua. Heinz Prechtl, aliyefanya kazi Graz, Austria, alionyesha kwamba miezi mitatu hadi mitano baada ya tarehe aliyopaswa kuzaliwa, mtoto huwa na mienendo midogomidogo ya mwili mzima, na ikikosekana, hatari ya mtindio wa ubongo ni kubwa. Inatosha kumtazama akiwa amelala chali. Watafiti wa Trondheim, Norway, sasa wanaifundisha kompyuta kusoma video hizo kwa kufuata viungo vya mtoto kama nukta zinazocheza. Ninalifuatilia kwa hamu, kwa sababu simu ya mama inaweza kurekodi video hiyo nyumbani.

Haya, karatasi zenu. Mtoto wa mfano ni wa kike, alizaliwa wiki ya 30 akiwa na gramu 1,300. Leo ana miezi minne, wiki 17, uzito kilo 4.2. Wekeni nukta kwenye miezi minne. ... Ndiyo, nyekundu, na nyekundu hiyo ndiyo inayomliza mama kwenye benchi la kliniki. Sasa, kwa kuwa ujauzito kamili ni wiki 40, toeni wiki kumi alizowahi kuja duniani, zinabaki wiki saba. Wekeni nukta ya pili hapo. Wauguzi, wasaidieni wanafunzi waliokaa karibu nanyi. Zipo pia chati za njiti zilizotokana na utafiti wa nchi nane, na Nairobi na Muscat zilikuwamo. Nimeacha nakala hapa mezani kwa atakayezitaka.

Dada wa pale nyuma, nukta yako ya pili imeangukia rangi gani?